Kadi za Posta za Zamani Zasimulia Habari za Wakulima

Katika nyumba nyingi za wakulima wa Marekani, hasa katika mbuga za katikati ya nchi ile, limo sanduku kuukuu lenye kadi za posta. Upande mmoja wa kadi pana picha: nyumba, mume na mke, watoto waliopangwa kwa vimo vyao, farasi wa kulimia, na pengine mbwa. Upande wa pili pana stempu, muhuri wa posta, na maneno machache yaliyoandikwa kwa haraka. Wazee waliozipeleka kadi hizo wamekwisha kufa. Wajukuu wao huzitazama, huyacheka mavazi ya zamani, kisha huzirudisha sandukuni.

Walakini mtu ajuaye kuisoma kadi ya namna hiyo aweza kutambua wakati picha ilipopigwa, mahali shamba lilipokuwa, na mara nyingine hata sababu iliyowafanya wenyewe wahame. Tena ziko jamaa ambazo zingepoteza habari zake kabisa kama si picha moja na maneno machache yaliyoandikwa pamoja nayo. Mfano mmoja ni wa ndugu watatu waliokuwa watumwa, ambao kila mmoja alikuwa na jina lake la ukoo. Habari yao itaelezwa hapa chini, lakini kwanza yafaa kujua kadi zenyewe zilivyoanza.

KADI ZILIVYOENEA

Kadi ya posta ya kwanza ilitolewa na Serikali ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba, 1869. Uingereza ikafuata mwaka 1870, na Marekani mwaka 1873. Kadi hizo za kwanza hazikuwa na picha. Zilikuwa karatasi ngumu tu, na watu walizipenda kwa sababu ya urahisi wake: katika Marekani kadi ilipelekwa kwa senti moja, na barua ya bahasha wakati ule ililipiwa senti tatu. Mwaka 1898 sheria iliwaruhusu wenye mitambo ya kuchapa watengeneze kadi zao wenyewe, nazo zipelekwe kwa senti moja kama zile za Serikali.

Mambo matatu ndiyo yaliyozifikisha kadi mashambani. La kwanza ni tarishi. Zamani mkulima alilazimika kusafiri mwendo mrefu mpaka posta kutazama kama ana barua. Mwaka 1896 Serikali ya Marekani ilianza kujaribu kuwapelekea wakulima barua zao mpaka karibu na milango yao, na mwaka 1902 utaratibu huo ukathibitishwa kuwa wa kudumu. La pili ni kamera. Mwaka 1903 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya kukunja iliyopiga picha zenye ukubwa sawasawa na kadi ya posta, hata picha ikaweza kuchapwa moja kwa moja juu ya karatasi ya kadi. Tangu hapo mkulima aliweza kuipeleka picha ya nyumba yake mwenyewe, badala ya kununua picha ya mji asioujua. La tatu ni amri ya posta ya tarehe 1 Machi, 1907. Kabla ya siku hiyo, nyuma ya kadi hapakuruhusiwa kuandikwa kitu ila jina na mahali pa mwenye kupelekewa. Baada ya siku hiyo upande huo uligawanywa kwa mstari: kulia anwani, kushoto salamu.

Watu walizipokea kadi kwa furaha kubwa. Katika mwaka ulioishia Juni 1908, posta ya Marekani ilichukua kadi zaidi ya milioni 677, na watu wote wa nchi ile wakati huo hawakufika milioni 90.

Mambo hayo hayakuwa ya Marekani peke yake. Katika miaka hiyo hiyo, huko Unguja, wapiga picha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, walikuwa wakiuza kadi zenye picha za mji na watu wake. Lakini iko tofauti kubwa. Kadi za kuuziwa wageni mara nyingi hazikutaja jina la mtu aliyepigwa picha. Zilitaja kazi yake tu, au kabila lake. Kadi ya mkulima ilitengenezwa kwa ajili ya jamaa zake waliomjua, na kwa hiyo yaweza kuwa na jina, tarehe, na habari ya mavuno.

JINSI YA KUISOMA KADI

Mtu atakaye kujua habari ya kadi asianze na picha. Na aigeuze kwanza, atazame nyuma. Kama upande huo haukugawanywa kwa mstari, na salamu zimebanwa pembeni mwa picha, basi huenda karatasi ile ilitengenezwa kabla ya Machi 1907. Kama mstari upo, ni ya baadaye.

Kisha na atazame stempu. Kwa miaka mingi kadi ililipiwa senti moja. Lakini tangu Novemba 1917, vita vilipopandisha gharama, ikawa senti mbili mpaka mwisho wa Juni 1919, ndipo ikarudi senti moja. Kadi zilizotengenezwa na watu binafsi zilitozwa senti mbili tena tangu mwaka 1925 mpaka 1928. Basi stempu ya senti mbili peke yake yaweza kuipunguza kazi ya kutafuta tarehe.

Hata kadi ambayo haikupelekwa posta ina alama zake. Mahali pa kubandika stempu, watengenezaji wa karatasi za picha walichapa jina la karatasi yao. Jina lionekanalo sana ni AZO, nalo lina alama ndogo pembeni. Alama zikiwa pembetatu nne zote zinazotazama juu, wajuzi husema karatasi hiyo ni ya kati ya mwaka 1904 na 1918. Zikiwa mbili zinatazama juu na mbili chini, ni ya kati ya 1918 na 1930.

Muhuri wa posta hutoa siku na mahali. Hapa pana shida moja. Tarishi walipoanza kufika mashambani, vituo vidogo vingi vya posta vilifungwa, na majina yake yakafutika katika ramani. Basi mtu akiona jina ambalo halipo leo, asidhani kwamba amelisoma vibaya. Na aitafute ramani ya zamani, au orodha ya posta zilizofungwa.

Akimaliza hayo yote ndipo aitazame picha. Na awahesabu watoto, akamtazame hasa yule mdogo aliyepakatwa na mama yake, kwa kuwa umri wa mtoto mchanga hukisiwa kwa urahisi kuliko umri wa mtu mzima. Na aitazame miti: kama ni miche tu, jamaa wamehamia karibuni, kama imetoa kivuli, wamekaa miaka mingi. Na atazame kama nyuma ya nyumba mpya ya mbao pamebaki ile ya kwanza ya udongo, ambayo sasa hutumiwa na kuku. Nguo hazifai kutegemewa sana, maana mkulima huvaa koti lake la kanisani hata miaka kumi. Tena na akumbuke kwamba umri wa karatasi si lazima uwe umri wa picha, kwa sababu picha ya mwaka 1890 iliweza kunakiliwa juu ya kadi ya mwaka 1910.

PICHA NA VITABU VYA SERIKALI

Picha peke yake ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi. Shahidi wa pili ni vitabu vya Serikali. Marekani huhesabu watu wake kila baada ya miaka kumi, na tangu mwaka 1850 kila mtu huru aliandikwa jina lake na umri wake. Mtoto mchanga wa picha akionekana katika hesabu ya mwaka 1910 ana miaka mitatu, tarehe ya picha imekaribia kujulikana.

Shahidi wa tatu ni hati za mashamba. Tarehe 20 Mei, 1862, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuwagawia watu ardhi. Kwa sheria hiyo mtu aliweza kupewa eka 160 kwa ada ndogo, kwa sharti kwamba akae hapo miaka mitano, ajenge, na alime. Ardhi hiyo haikuwa tupu tangu mwanzo. Katika mbuga za Nebraska walikuwako Wapawnee na makabila mengine, na Wapawnee waliondolewa katika miaka ya 1870, wakapelekwa mbali upande wa kusini. Mkulima mpya alipotimiza miaka yake alikwenda na mashahidi wake kuthibitisha. Katika hati hizo mliandikwa ukubwa wa nyumba, eka alizolima, kisima, zizi, na hesabu ya watoto. Hati nyingi za namna hiyo zimetunzwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa la Marekani. Picha ikionyesha nyumba yenye madirisha mawili, na hati ikitaja nyumba yenye madirisha mawili, mashahidi wamekubaliana.

Hata hivyo liko pengo kubwa. Vitabu vya hesabu ya watu ya mwaka 1890 viliharibiwa na moto uliotokea Washington mwaka 1921, na karibu vyote vikapotea. Basi katikati ya mwaka 1880 na 1900 pana giza la miaka ishirini, na miaka hiyo ndiyo ambayo maelfu ya jamaa walikuwa wakihamia mbugani. Ni bahati kwamba mtu mmoja alikuwa akizunguka huko na kamera yake.

MPIGA PICHA WA MBUGANI

Mtu huyo aliitwa Solomon Butcher. Alizaliwa mwaka 1856, akaingia Nebraska pamoja na baba yake mwaka 1880. Alichukua shamba lakini hakuweza kazi ya jembe, akaliacha baada ya muda mfupi sana. Mwaka 1886 alipata wazo la kutengeneza kitabu cha habari na picha za wakulima wa wilaya ya Custer. Akapanda gari la farasi, akaenda shamba kwa shamba, akipiga picha juu ya mabamba ya kioo na kuandika habari alizosimuliwa na wenyeji.

Wakulima wale waliishi katika nyumba za udongo, kwani miti ilikuwa haba. Walikata mabamba ya ardhi pamoja na majani na mizizi yake, wakayapanga kama matofali. Butcher aliwapiga picha nje ya nyumba zao, nao walitoa nje vitu walivyoviona vya fahari. Jamaa moja ilikaa mezani ugani na tikiti maji lililokatwa, na ng'ombe anaonekana juu ya paa, kwa maana nyumba ilichimbwa ubavuni mwa kilima. Mama mmoja hakutaka rafiki zake wa mashariki waione nyumba yake ya udongo. Kinanda chake kikabebwa mpaka nje, akapigwa picha kando yake katikati ya mifugo.

Ukame wa miaka ya 1890 uliikatiza kazi hiyo, watu wakakosa fedha za kununulia picha. Mwaka 1899 nyumba ya Butcher ikaungua, na habari nyingi alizokuwa ameziandika zikateketea. Lakini mabamba ya kioo yaliokoka, kwa sababu aliyaweka katika ghala la nafaka. Kitabu chake kikatoka mwaka 1901, kwa msaada wa fedha za mfugaji mmoja aitwaye Swain Finch. Baadaye Butcher na mwanawe walifanya biashara ya picha na kadi za posta katika mji wa Kearney. Alikufa mwaka 1927 akiwa maskini, naye alijiona kuwa mtu aliyeshindwa. Leo mabamba yake ya kioo, zaidi ya 3,000, ni hazina ya jimbo la Nebraska. Yamenakiliwa kwa kompyuta, na katika baadhi ya picha milango iliyokuwa giza tupu sasa inaonyesha vyombo vilivyokuwa ndani ya nyumba.

Lakini picha nayo huweza kudanganya. Butcher alipiga picha ya Swain Finch akipigana na nzige kwa tawi la mti, na maelezo yasema ni nzige wa mwaka 1876. Kwa kweli Butcher hakuwako Nebraska mwaka huo. Picha ni ya maigizo iliyopigwa miaka mingi baadaye, na nzige wenyewe walichorwa kwa mkono juu ya bamba. Ndiyo sababu yafaa kuuliza maswali mawili: picha yaonyesha nini, na nani aliyetaka ionyeshe hivyo?

NDUGU WATATU, MAJINA MATATU

Katika picha za wilaya ya Custer imo moja ya mwaka 1887, iliyopigwa karibu na Westerville. Jamaa ya watu weusi wameketi mbele ya nyumba yao ya udongo. Mwenye nyumba ni Jerry Shores, aliyekuwa mtumwa zamani. Mwaka uliofuata Butcher alipiga picha ya jamaa nyingine ya watu weusi katika wilaya hiyo hiyo, na mwenye nyumba ni Moses Speese. Mtu akizitazama picha hizo mbili na kuyasoma majina, atadhani kwamba hawa ni majirani tu.

Sivyo. Maelezo yaliyohifadhiwa pamoja na picha yanasema kwamba Jerry Shores alichukua shamba linalopakana na mashamba ya ndugu zake, Moses Speese na Henry Webb. Ndugu watatu walikuwa na majina matatu ya ukoo, kwa sababu kila mmoja alichukua jina la bwana aliyemmiliki.

Katika neno hilo moja mna habari kubwa. Hesabu za watu za mwaka 1850 na 1860 hazikuwataja watumwa kwa majina. Waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wao, kama mifugo inavyoandikwa. Utumwa ulikomeshwa Marekani nzima mwaka 1865, na hesabu ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote majina yao. Kufika hapo ndugu hawa walikwisha kuwa Shores, Speese na Webb. Mjukuu wa Shores akitafuta vitabuni jina la Shores tu, hata mwisho wa maisha yake hatawaona wajomba na binamu zake wa jina la Speese. Jina halikufuata damu. Kilichofuata damu ni mpaka wa shamba: watu hawa walipopata uhuru wa kuchagua mahali pa kukaa, walichagua kupakana. Kwa hiyo mwenye kutafuta ukoo asisome jina lake peke yake katika ramani ya mashamba. Na asome na majina ya majirani.

Habari yao haikuishia hapo. Mwaka 1904 ilitungwa sheria nyingine, iliyoongeza shamba la Nebraska magharibi kuwa eka 640, kwa sababu nchi ile ni ya mchanga. Watoto wa Moses Speese walihama kutafuta ardhi zaidi. Wengine walikwenda Empire, katika jimbo la Wyoming, penye kijiji cha wakulima weusi kilichoanzishwa mwaka 1908. Charles Speese, mwana wa Moses, alikuja kulima pia DeWitty, kijiji kingine cha watu weusi kando ya mto North Loup katika Nebraska. Binti yake, Ava Speese Day, alikulia hapo, na baadaye aliandika kumbukumbu za maisha yao ya nyumba za udongo, ambazo zinasomwa mpaka leo.

Posta ya DeWitty ilibadilishwa jina baadaye ikaitwa Audacious, yaani penye ujasiri. Mtu asiyejua jambo hilo akikuta kadi mbili, moja ina muhuri wa DeWitty na nyingine wa Audacious, atadhani jamaa walihama. Kumbe waliohama ni herufi za muhuri. Watu walikuwa palepale. Walakini ardhi ya mchanga haikukubali jembe, na eka 640 hazikutosha kulisha ng'ombe wa kumtajirisha mtu. Katika miaka ya 1920 na 1930 jamaa waliondoka mmoja mmoja. Leo hapana kijiji tena. Pamebaki mbuga na ng'ombe. Bila kumbukumbu na picha, nani angeamini kwamba palikuwa na shule na kanisa?

YAFAAYO KUFANYWA

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hilo ni la biashara, lakini lafaa vilevile kwa ukoo. Mwenye picha au kadi za wazee wake na afanye mambo haya.

Kwanza, aandike majina ya watu wote wa picha, kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja na mahali na mwaka. Aandike nyuma kwa penseli laini, pembeni, wala si kwa wino, kwa maana wino hupenya na kuharibu. Pili, awaulize wazee mapema, hasa kina mama na mashangazi, ambao hukumbuka nani alizaa lini na mwaka gani wa njaa. Tatu, asibandue stempu kwa ajili ya uzuri wake. Stempu na muhuri ndiyo tarehe ya kadi. Nne, azitunze kadi mahali pakavu, mbali na jua na mchwa. Tano, kama mtu wa ukoo amebadili jina, kwa ubatizo, kwa ndoa, au kwa sababu nyingine yoyote, aandike majina yote mawili.

Jambo hilo la tano lisidharauliwe. Ndugu watatu wa Custer wanajulikana leo kuwa ndugu kwa sababu habari hiyo iliandikwa, ikahifadhiwa pamoja na picha.